Pembeni Siyo Makali

Vijana wa ukalimani hapa bomani wameniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijasahau. Sijasahau. Nimestaafu, sijafa, na hasira niliyoondoka nayo bado ninayo yote. Nadhani walichotaka hasa ni orodha ya maneno magumu ya Kiingereza, kila neno na tafsiri yake moja pembeni, waibandike ukutani nyuma ya meza. Orodha hiyo sina. Ningekuwa nayo ningeitia jikoni, maana mawazo ya namna hiyo, kwamba neno moja lina mwenzake mmoja, ndiyo yaliyomfungia mtu mahabusu msimu mzima wa mvua. Mtu huyo alikuwa mhunzi wa Izia, jina lake Desideri. Nitafika kwake.

Sitaandika nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Kwa mshahara wa mkalimani mwenye kutaka habari aje atazame paa langu.

Nilizaliwa Kasense, kwa wakulima wa mahindi na ulezi, watu wa kusali Jumapili na kulima siku nyingine zote. Kiingereza nilifundishwa misheni na padre mmoja Mholanzi, ambaye naye alikuwa amejifunza ukubwani, kwa hiyo hakukiheshimu kupita kiasi. Alikitazama kama fundi saa anavyotazama saa ya mtu mwingine: alikifungua nyuma. Nilipomaliza shule alinipa kamusi yake iliyokwisha jalada, akaniandikia karatasi, nikapanda nayo bomani Sumbawanga.

Mkalimani mkuu wakati huo alikuwa Mzee Salehe, mtoto wa familia ya wenye maduka pale mjini. Baba yake aliuza nguo na chumvi, na Salehe alikulia nyuma ya kaunta akisikia lugha zote zilizopita barabarani. Alivaa kanzu safi hata siku za upepo wa Juni, upepo ambao hapa Sumbawanga unamfanya mshtakiwa atetemeke hata kama hana kosa, na mgeni akadhani anatetemeka kwa hatia. Hilo nalo lilikuwa la kumweleza kila Mzungu mpya.

"Shikamoo, Mzee," nilimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Nenda kale. Mwenye njaa anafupisha maneno ya watu."

Nilirudi nikasimama kizimbani kando ya shahidi. Shauri lilikuwa la ng'ombe. Shahidi akasema, "Mimi nilimwona huyu akilifungua zizi." Nikageuka nikasema kwa Kiingereza kwamba shahidi anasema alimwona. Mzee Salehe akakohoa. Shahidi akaendelea, nami nikaendelea na "anasema, anasema," na Mzee akaendelea kukohoa hadi Bwana Shauri, Mzungu aliyesikiliza mashauri wakati huo, akauliza kama anaumwa.

Tulipotoka alinishika mkono. "Ukisimama pale huna jina. Akisema 'mimi nimeiba,' nawe useme 'mimi nimeiba.'"

"Na nikisema 'mimi nimeua,' wakinikamata?"

"Wakikukamata nitakutafsiria."

Huo ulikuwa utani wake, na pia ilikuwa ahadi, kama nilivyokuja kuona. Alinifundisha mengine. Kunywa maji kabla ya shahidi wa kwanza, si katikati. Kutomtazama ndugu wa mshtakiwa machoni. Kutolainisha matusi: mtu akitukanwa, atukanwe kwa lugha zote mbili. Zaidi ya yote, usilitafsiri jambo usiloliona kichwani. Mtu akisema alianguka, jua alianguka kifudifudi au chali. Hujui, uliza. Bwana akikunja uso, mwache akunje, uso ni wake.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Waingereza wana neno "edge", hutamkwa kama ej, neno dogo la watu wote. Nchi ya juu ikikatika ghafla kuelekea bonde la Rukwa, pale mwisho wa nchi tambarare unaposimama na kuona ndege wakiruka chini ya miguu yako, ni ej. Sisi tunasema ukingo. Mwisho wa meza ni ej. Kando ya njia ni ej. Pembezoni mwa kijiji ni ej. Mtu mwenye wasiwasi, roho juu, wanasema yuko juu ya ej. Na upande wa kisu unaokata, yaani makali, nao ni ej hiyo hiyo.

Nilimwuliza padre siku moja nilipokwenda kumsalimu, inakuwaje watu wenye akili ya kutengeneza treni wanachanganya makali na kando. Akacheka. Akanieleza kwamba hawakuchanganya, walianza na makali. Neno hilo, katika Kiingereza cha kale sana, lilikuwa ni makali ya upanga, na watu wa kaskazini jirani zao walikuwa nalo vilevile. Kukata ndiyo maana yake ya kwanza. Baadaye, kwa kuwa makali ni mahali chuma kinapoishia, wakaanza kuita hivyo mahali popote kitu kinapoishia: mlima, meza, shamba, kitambaa. Makali yakasahauliwa nusu, lakini hayakuondoka. Yamelala ndani ya neno, alisema padre, na Mwingereza akilisikia mahali penye silaha, yanaamka.

Akanipa na jambo jingine la kuchekesha. Kuna karani wa wilaya nyingine ambaye hakimu wake alisema kwa Kiingereza kwamba mwanamke mmoja alimchochea mumewe apigane. Walivyo Waingereza, neno wanalotumia kwa kuchochea hivyo linasikika sawasawa na neno lao la yai. Karani akamgeukia yule mama, mbele ya watu wote, akamwuliza alimpa mumewe mayai mangapi. Mama akasema hana kuku. Hakimu akaandika kwamba shahidi anakwepa swali. Padre alisema lile si yai hata kidogo: ni neno la makali lile lile, lililoingia kwa mlango mwingine. Kumchochea mtu ni kumtia makali. Tulicheka mpaka padre akatoa miwani akafuta macho. Nimelitaja hapa kwa sababu ndiyo mara ya mwisho neno hilo kunichekesha.

Miaka ikapita, nikawa mzoefu. Ndipo akaletwa Bwana Shauri mpya, kijana, mrefu, mwenye kusikiliza mashauri ya wilaya. Jina lake silitaji kwa sababu bado yuko serikalini mahali fulani na anaendelea vizuri. Alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili wa serikali kwa alama za juu, na alikisema kweli, Kiswahili cha vitabu cha pwani, kila ngeli mahali pake. Alipofika alituita mimi na Mzee Salehe ofisini.

"Mimi sihitaji mkalimani wa Kiswahili," alisema. "Mashahidi watasema nami moja kwa moja, nami nitaandika Kiingereza. Ninyi mtanisaidia nikihitaji Kifipa."

"Vema, Bwana," alisema Mzee Salehe. "Ila watu wa hapa wengi Kiswahili wanakiazima tu. Hukisema kwa Kifipa."

"Nitawaelewa."

Mzee Salehe alipotoka nje aliniambia, "Huyu atamwua mtu." Nilidhani anasema kwa wivu wa kazi.

Desideri mhunzi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mikono iliyoungua ungua. Ukoo wake ulikuwa wa wayeyusha chuma wa zamani, wale waliojenga zile tanuri ndefu za udongo ambazo hadi leo zinasimama porini zikiota nyasi. Majembe ya dukani yalipokuja tanuri zikazimika, naye akawa anafua mapanga na majembe kwa springi za lori zilizovunjika. Dada yake Gaudensia aliolewa na mtu aitwaye Tomasi, nyumba za karibu tu. Tomasi alikuwa mlevi na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa mkewe. Izia nzima ilijua, na Izia nzima ilinyamaza.

Siku ya shauri hili Gaudensia alipiga kelele mchana kweupe. Desideri alikuwa anamalizia panga, akakimbia nalo lilivyo mkononi. Akamkuta Tomasi amemkalia dada yake kifuani, amemshika koo. Akampiga Tomasi begani kwa panga, kwa ubapa wake, kama unavyompiga ng'ombe aliyeingia shambani. Tomasi akaruka pembeni, akajikwaa, akaangukia jiwe la jiko. Kichwa kikapasuka. Damu ikawa nyingi kama ilivyo damu ya kichwa, askari wakaitwa, wakamkuta mhunzi amesimama na panga na mtu amelala kwenye damu. Shtaka likaandikwa: kukusudia kuua.

Shauri la namna hiyo lilikuwa kubwa kuliko uwezo wa Bwana Shauri. Kazi yake ilikuwa uchunguzi wa awali tu: kuwasikiliza, kuandika, kisha kupeleka maandishi kwa Jaji kule Mbeya. Jaji hamjui mtu, anajua karatasi. Kumbukeni hapo.

Siku hiyo nilikaa benchi la ukutani, maana sikuhitajika. Gaudensia aliongea kwanza, shingo yake bado ina alama. Bwana Shauri alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema kwa sauti kwamba dada lazima amtetee kaka yake. Kwa nini shingo yake ina alama, hakuuliza. Mpaka shauri lilipokwisha, hapa na Mbeya, hakuna aliyeuliza. Nimewasikiliza mahakimu wengi kazini kwangu, na hilo swali moja ambalo halikuulizwa linanikera kuliko yote yaliyoulizwa.

Akaja Desideri.

"Ulimpiga kwa panga?"

"Ndiyo, Bwana."

"Kwa upande gani wa panga?"

Desideri alitafuta neno. Niliona midomo yake ikilitafuta. Mtu wa pwani angesema bapa, na mambo yangeishia hapo. Mhunzi wa Izia neno hilo hakuwa nalo. Kwa Kifipa angelisema mara moja, ila aliulizwa kwa Kiswahili. Akafungua kiganja kikawa bapa, akakiinamisha kidogo, akasema:

"Kwa pembeni, Bwana. Pembeni ya panga."

Bwana Shauri alikuwa ameinamia karatasi. Mkono hakuuona. Akaandika.

Sheria ilitaka mshtakiwa asomewe maandishi kwa lugha yake kabla hajatia dole gumba. Hapo ndipo nikaitwa, kwa kuwa Kifipa Bwana hakukijua. Nikapewa karatasi, nikaanza kuigeuza kwa Kifipa mstari kwa mstari. Nikafika mahali palipoandikwa kwa Kiingereza safi, mwandiko mzuri: nilimpiga kwa edge ya panga.

Nikaishia hapo, kidole juu ya neno.

"Endelea," alisema Bwana Shauri.

"Bwana, neno hili hapa kwenye panga litasomeka makali."

"Amesema pembeni. Nimeandika pembeni. Soma."

"Ni kweli amesema pembeni, Bwana. Lakini kwa Kiingereza, penye panga, jaji atasoma kwamba amekiri kumkata."

"Unanifundisha Kiingereza?"

Nilitaka kusema namfundisha Kiswahili. Nilisema, "Hapana, Bwana. Naomba tumwulize tena."

Bila kungoja ruhusa, na hili silijutii hata kidogo, nilimgeukia Desideri nikamwambia kwa Kifipa, "Imeandikwa hapa kwamba ulimpiga kwa makali. Ndivyo?"

Desideri alinitazama kama niliyemtukana mama yake. "Nani kasema makali? Lile panga nililifua mimi. Ningempiga kwa makali, huyo Tomasi angekuwepo wa kuletwa hapa?"

Alisema kwa nguvu, na Gaudensia kule nyuma akapaza sauti, na askari akagonga sakafu kwa kitako cha bunduki. Bwana Shauri akasimama. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Unamfundisha mshtakiwa majibu! Mbele yangu!"

"Bwana, nimemwuliza tu—"

"Toka."

Nikatoka. Mzee Salehe akaitwa amalizie. Aliniambia baadaye kwamba naye alisimama pale pale niliposimama, akasema neno lile lile nililosema, na Bwana Shauri akamjibu kwamba maandishi yameshaandikwa, atafsiri yalivyo. Mzee akamtafsiria Desideri kwamba imeandikwa makali. Desideri akakataa kutia dole. Bwana Shauri akaandika chini: mshtakiwa amekataa kutia alama, hakutoa sababu. Hakutoa sababu! Mtu alikuwa anapiga kelele ya sababu mpaka sokoni wanasikia. Niliposoma mstari ule baadaye nilihisi moto kifuani ambao sijaweza kuuzima, wala sijajaribu.

Desideri akapelekwa mahabusu kungoja kikao cha Mbeya. Mimi nikahamishwa njia ya Kasesya, mpakani na Rhodesia ya Kaskazini, kuwatafsiria askari wanaokagua mizigo. Huko maneno yangu yalikuwa fungua, funga, una nini humo, pita. Kazi ya kasuku. Mvua zikaanza, barabara ikawa matope, na kila nilipofungua kamusi ilijifungua yenyewe kwenye ukurasa ule, au mimi ndiye niliyeufungua.

Siku moja lori la mfanyabiashara wa Sumbawanga lilisimama kizuizini, na juu ya magunia alikuwepo Gaudensia, amelowa. Alishuka, hakunisalimu.

"Karani, wewe ndiye uliyeuliza siku ile. Wengine wote waliandika. Sasa niambie, ni neno gani lililomfunga kaka yangu?"

Nikampa kigoda na chai. Nikamweleza kama padre alivyonieleza: makali kwanza, kisha ukingo, kisha kando ya kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa.

"Lugha gani hiyo," alisema, "isiyojua kutenga kinachokata na kisichokata?"

"Wao wanatenga, dada. Wana maneno mengine. Huyu hakuyatafuta."

"Kwa nini hakuyatafuta?"

Nikaichukua ile chai iliyopoa nikaimwaga.

"Mama amekufa," alisema. "Wiki mbili sasa. Aliniuliza Desideri yuko wapi, nikamwambia amekwenda kutafuta chuma. Siku ya mwisho akauliza, chuma gani hicho kisichopatikana. Nimekwenda mahabusu kumwambia kaka, askari wakanirudisha, si siku ya wageni. Basi hajui. Utamwambia wewe."

"Mimi niko huku, dada. Kule siruhusiwi."

"Mimi pia sikuruhusiwa kuja huku," alisema, akapanda lori.

Nilimwandikia Mzee Salehe habari hizo. Ikawa kikao cha Mbeya kilipokaribia, yeye ndiye aliyetakiwa kwenda kama mkalimani. Akaenda kwa Bwana Mkubwa wa wilaya, amevaa ile kanzu, akamwambia Kifipa chake ni cha dukani: bei, uzito, punguza kidogo. Kwa kesi ya kumfunga mtu maisha jaji atataka Mfipa. Na Mfipa aliyefunzwa kazi hiyo ni mmoja tu, yuko Kasesya anafungua magunia. Kifipa cha Mzee Salehe kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wengi wa Kasense. Alidanganya kwa utulivu kabisa, nami naandika hapa kwamba alifanya vema. Bwana Mkubwa hakutaka aibu mbele ya Jaji. Nikaitwa.

Tulisafiri na lori la polisi, Desideri kati ya askari wawili, mimi ubaoni mbele yake. Alikuwa amekonda, mikono imekuwa laini, na mikono laini ya mhunzi ni kitu kibaya kukitazama. Nilimwambia habari za mama yake kabla ya kufika Tunduma, kwa Kifipa, polepole, kama nilivyoagizwa. Hakulia. Aliuliza amezikwa upande gani wa nyumba. Sikujua.

Jaji alikuwa mzee mwenye sauti ndogo. Kando yake walikaa wazee wa baraza watatu. Tomasi aliitwa, kovu linaonekana, akasema alichojua: alipigwa begani, akaanguka, hakumbuki zaidi. Mwendesha mashtaka akasoma maandishi ya Bwana Shauri, na alipofika kwenye lile neno alilisoma taratibu, akatulia, ili kila mtu alisikie likikata.

Jaji akanigeukia. "Mwulize kama alisema hivyo."

"Mheshimiwa Jaji, neno hili lina maana mbili, na Kifipa kinazitaja kwa maneno tofauti. Sijui nimwulize ipi."

Nilingoja kufukuzwa. Nilishaamua kwamba safari hii watanitoa kwa kuniburuta.

"Zipi?" aliuliza Jaji.

"Panapokata, na pasipokata."

"Basi mwulize zote mbili."

Hivyo tu. Maneno machache, sauti ndogo. Ndilo jambo nililoliomba Sumbawanga, na lingechukua muda wa kupiga chafya. Nikamwuliza Desideri zote mbili. Alijibu, nami nikasema kwa Kiingereza, nikiwa yeye: "Sikumkata. Nilimpiga kwa ubavu wa chuma, amwachie dada yangu."

Jaji akasema apewe panga aonyeshe. Askari akasogea kando, akampa, kibandiko cha mahakama kikining'inia kwenye mpini. Desideri alilitazama kwanza makali yake.

"Mmeliacha lishike kutu," alisema.

Nilitafsiri hilo nalo. Kisha akalipiga panga kwenye paja lake mwenyewe, kwa ubapa, kwa nguvu. Mlio ule ulijaa chumba. Mzee mmoja wa baraza aliruka kwenye kiti. Desideri akalirudisha kwa askari na kusimama wima, paja likitetemeka ndani ya suruali ya mahabusu.

Bwana Shauri alikuwepo, ameitwa kuthibitisha maandishi yake. Jaji alimwuliza ni neno gani la Kiswahili alilosikia.

"Pembeni, Mheshimiwa."

"Nawe ukaandika edge."

"Ndivyo kamusi inavyosema, Mheshimiwa."

Na kweli ndivyo inavyosema. Yangu pia inasema hivyo. Hakuwa na aibu yoyote, na Jaji hakumtia aibu. Alitikisa kichwa kidogo, akaandika. Watu hao hawaaibishani mbele yetu. Wazee wa baraza wote wakasema hakukusudia kuua. Jaji akakubaliana nao. Kwa kosa dogo la kupiga, akasema, muda aliokaa mahabusu umetosha. Aachiwe.

Msidhani nilifurahi. Watu huniambia, "Lakini mlishinda." Tulishinda nini? Mama amezikwa. Kiwanda cha uhunzi cha Izia kilikuwa kimevunjwa na mvua, mivukuto imeoza. Tomasi alirudi nyumbani kwake kama mwenye nyumba, na Gaudensia alihamia kwa kaka yake bila mahakama yoyote kumsaidia. Maandishi ya Sumbawanga hayakusahihishwa. Yapo kabatini hadi leo, neno ni lile lile na mwandiko ni mzuri ule ule. Na baada ya hapo, kila alipokuja Mzungu mpya mwenye cheti cha Kiswahili, tulianza upya. Nimesimama kwenye kizimba kile miaka yangu yote nikiomba ruhusa ya kuuliza swali la pili, na mara nyingi zaidi ya mnavyofikiri nilikataliwa. Wengine hawakuwa na jaji mwenye sauti ndogo. Hao siwaandiki hapa, kwa sababu nikianza sitamaliza.

Tulitoka nje ya mahakama. Jua lilikuwa kali baada ya mvua. Gaudensia alikuwa amekaa ngazini na kifurushi cha nguo safi za kaka yake. Desideri alikuwa anazipokea wakati Bwana Shauri alipotoka, kofia mkononi. Aliona kwamba ni lazima atupite. Akasimama, akamtazama Desideri, akasema kwa kile Kiswahili chake kizuri, kila ngeli mahali pake:

"Ilikuwa bahati mbaya tu. Nakutakia heri."

Akangoja. Nadhani alitaka kushukuriwa. Desideri, ambaye tangu siku ya uchunguzi alikuwa ameapa kutojibu tena Kiswahili cha mtu yule, alinigeukia akaniuliza kwa Kifipa:

"Anasemaje?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa nimeifanya bila kuruka hata tusi. Nilimtazama Bwana Shauri, akiwa bado amesimama na kofia yake.

"Hajasema kitu," nikamwambia.